Rangi chini ya bolti

Jamani, leo nimeona wivu.

Siku tatu nahangaika na pikapu kuukuu ya mteja wangu, Mwalimu, hapa mjini Masoko. Ukipiga honi, taa zinafifia.

Nimebadilisha betri, nimebadilisha fyuzi, wapi.

Leo kaja Mwanahawa, fundi mpya kutoka Lindi. Akafuata waya wa ethi, ule unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi. Akafungua bolti, akakwangua rangi chini yake.

Akapiga honi, taa zikabaki zinawaka vizuri.

"Nani kapaka rangi hapa? Umeme upite wapi?" akauliza Mwanahawa.

Niliipaka mimi, chumvi ya bahari isilete kutu.

Miaka yote Mwalimu ananiita Fundi. Leo: "Hamisi, kamletee fundi soda ya baridi."

Nimemletea ya moto, makusudi. Haya, semeni.