Matairi Mapya ya Mama Stella

Ethel hakuzaliwa dereva, wala hakuwahi kuota kuwa dereva. Alizaliwa Lulindi, mama yake akiwa mpishi wa bweni la wasichana, na mpaka anazoeleka kwa jina la Mama Stella kazi yake ilikuwa kushona: sare za shule, majoho ya kwaya, mapazia ya sakristia. Dereva alikuwa mumewe, Cuthbert. Huyo aliendesha malori ya korosho kutoka Newala kwenda bandarini Mtwara mpaka macho yalipoanza kumwacha, kwanza pembeni, halafu usiku, mwisho mchana kweupe. Alificha kwa muda mrefu. Siku aliyopita kizuizi cha polisi bila kukiona, alirudisha funguo za lori kwa mwenyewe, akaenda nyumbani kwa miguu na kumwambia mkewe, "Mama Stella, mimi na usukani basi."

Kwa kiinua mgongo chake walinunua gari aina ya Noah lililotumika, wakaajiri dereva. Dereva yule aliligonga gari kwenye kila shimo la Wilaya ya Masasi kana kwamba ametumwa kuyahesabu. Ethel alimwachisha kazi kabla msimu wa korosho haujaisha, akatangaza kwamba ataendesha mwenyewe. Alikuwa na wajukuu tayari. Cuthbert alimfundisha kwenye uwanja wa mpira wa Lulindi, yeye ameketi kushoto haoni kitu, anasikiliza injini na kufoka: "Kanyaga klachi! Unaua gia!" Watu walikuja kutazama mwanamke mtu mzima anayefundishwa gari na kipofu. Wengine walileta na viti.

Leseni alipata. Tangu hapo wawili hao wakawa wanajulikana kuanzia Mkomaindo, walikojenga karibu na hospitali, hadi Newala juu. Walibeba wagonjwa, maharusi, wafiwa na wanakwaya. Ethel kulia kwenye usukani, Cuthbert kushoto na fimbo yake katikati ya magoti, na maneno yake yasiyokwisha.

Mwaka huu, kabla mvua hazijaanza, matairi yalikuwa yamebaki vipara. Mama Pendo wa Newala alikuwa ameshawaomba wawateremshe mashangazi wa bibi harusi hadi Lulindi, ambako binti yake Pendo angefunga ndoa. Ethel hakutaka kushuka mlima ule na watu juu ya vipara. Alikwenda kwa Jafari, kijana mwenye duka la matairi mjini Masasi, akafungiwa manne mapya, meusi ti, bado yana vinyweleo vya mpira. Mchana huohuo wakaanza safari ya Newala kuonana na Mama Pendo.

Mjini gari lilikwenda vizuri. Lilipopata barabara nzuri na mshale wa mwendo ukapita themanini, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake kama mtu mwenye homa. Alipopunguza, ukatulia. Alipoongeza, ukaanza tena. Walipofika kwenye kona, gari likawa halishiki barabara. Likawa kama linaelea, na kila tuta dogo lililirusha.

"Unashika usukani vibaya," Cuthbert alisema.

"Ninashika kama ulivyonifundisha."

"Basi nilikufundisha vibaya."

Ethel aliuma meno, akaendelea na safari kwa mwendo wa jeneza.

Newala walikwenda kwa fundi Mohamedi, ambaye Cuthbert alimfahamu tangu enzi za malori. Mohamedi alitoka chini ya gari jingine akijifuta mikono, akampita Ethel na kwenda upande wa kushoto.

"Shikamoo, mzee. Gari inasumbua nini?"

"Marahaba," alijibu Cuthbert. "Inatetemeka mbele. Boljointi hizo."

"Fundi," Ethel alisema, "anayeendesha niko huku."

"Nakusikia, mama." Lakini uso haukugeuka. "Inaanza ukiwa mwendo gani, mzee?"

Cuthbert, ambaye hajauona mshale wa gari lile hata siku moja, akajibu kwamba ni kwenye mwendo wowote. Ethel akasema si kweli, ni kuanzia themanini. Mohamedi akasema matairi mapya huwa hivyo, yatazoea. Ethel akauliza yatazoea nini, maana si watoto wa kuhamia shule mpya. Mwishowe Mohamedi alipiga jeki, akalitikisa gurudumu, akasema naam, boljointi, kiungo cha gurudumu la mbele, ina mchezo kidogo, imelegea. Cuthbert alitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Boljointi zikabadilishwa. Ethel alikaa kwenye benchi la gereji akitazama jua linavyosogea, na ahadi yake kwa Mama Pendo ikipitwa na saa.

Walipotoka hapo, usukani ulitetemeka vilevile.

Walipomaliza mazungumzo kwa Mama Pendo na kuanza kuteremka kurudi Masasi, Cuthbert akakohoa. "Itakuwa shokapu."

"Baba Stella, nakuomba unyamaze."

"Mimi nimeendesha tani kumi kwenye mlima huu."

"Leo unaendesha mdomo."

Ilikuwa kona ya tatu au ya nne kutoka juu. Pikipiki iliyobeba magunia ilitokea katikati ya barabara. Ethel alikata kushoto na kukanyaga breki, na mkia wa gari ukatikisika huku na huku kama wa mbuzi aliyefukuzwa bustanini. Wakasimama ukingoni mwa mtaro, gurudumu la mbele likiwa karibu kabisa na mdomo wake. Wa pikipiki aliinua mkono kuomba radhi, akapita zake.

Ethel alizima gari. Alishuka, akaenda kuketi kwenye jiwe la kando ya barabara. Hakuwa na machozi. Alikuwa na hasira tupu. Alimkasirikia Jafari kwa kumwambia "nenda kwa amani, mama", na Mohamedi kwa kuongea na upande wa kushoto, na wa pikipiki, na matairi yenyewe, na mume aliyekuwa anapapasa mlango akimwita.

Mwanamke aliyekuwa anauza ming'oko, viazi vya porini, chini ya kibanda cha makuti alikuja kumpa pole. Baada ya pole akasema gari huenda limechoka. Mtu wa baiskeli alisimama akasema ni injini. Mwingine akauliza kwa nini asiendeshe baba.

"Baba haoni," Ethel alisema.

"Ooh. Na mama?"

Ethel alimtazama mpaka yule mtu akaondoka.

Cuthbert alikuwa ameshamfikia, fimbo mbele. Aliketi kando yake bila kuambiwa pa kukaa. Ethel akaongea polepole, kama anayepima kitambaa.

"Mteja akiniletea gauni nililobadilisha mikono, akasema sasa linamvuta, nifumue nini?"

"Mimi na gauni wapi na wapi?"

"Nijibu."

"Mikono."

"Sifumui kola, sivyo? Sasa jana gari lilikuwa na boljointi za zamani na shokapu hizihizi, likatulia. Kabla ya safari tulibadilisha nini?"

Cuthbert alichora ardhi kwa ncha ya fimbo. "Tairi," alisema hatimaye, kama aliyeng'olewa jino.

Walishuka mlima kwa gia ndogo, magari mengine yakiwapigia honi nyuma, na kuingia Mkomaindo jua likizama.

Asubuhi, kabla hata ya chai, Ethel alifungua mlango wa dereva na kuinama. Kwenye nguzo ya mlango kulikuwa na kibandiko chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu za upepo, kitu alichokiona kila siku bila kukisoma. Cuthbert alikijua tangu zamani. Hakuwahi kumwambia kwa sababu, alisema, hakuulizwa. Ethel alivuta pumzi, akaacha hilo lipite. Walikwenda kituo cha mafuta, kijana wa pampu akapima. Matairi yote manne yalikuwa yamejazwa upepo kupita kiasi, mbali kabisa na tarakimu za kibandiko.

"Alijaza ili tairi likae vizuri kwenye ringi," Cuthbert alisema. "Ndivyo wanavyofanya. Halafu hupunguza."

"Hakupunguza."

"Hakupunguza."

Wakapunguza. Walipojaribu barabara ya kuelekea Lupaso, gari lilikuwa limerudi chini. Lilikanyaga ardhi, halikuruka tena kwenye matuta, na kwenye kona lilikwenda pale alipoliambia. Ethel alikaribia kucheka. Kisha mshale ukapita themanini, na usukani ukaanza homa yake.

Alipiga usukani kwa kiganja.

"Subiri," Cuthbert alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya kufoka. "Tuhamishe ya mbele yaende nyuma. Ugonjwa ukihama, ni wa matairi. Usipohama, basi nitakufa na shokapu zangu."

Walifanya kazi hiyo uani, pembeni ya kamba ya kuanikia nguo. Ethel alipiga jeki na kuvuta magurudumu. Cuthbert alikaza nati kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwa kupishana, akipapasa kila moja ikae sawa kabla ya spana. Waligombana mara kadhaa kuhusu nani ameweka nati wapi. Jirani alipotoa kichwa juu ya uzio kutaka kusaidia, walimwambia kwa pamoja kwamba hawahitaji.

Wakarudi barabarani. Themanini. Usukani ulitulia mikononi mwake kama maji kwenye beseni. Ethel alisubiri. Kushoto kwake Cuthbert alijisogeza kwenye kiti.

"Sasa linanitikisa makalio," alisema.

Wakaenda moja kwa moja kwa Jafari.

Jafari alikuwa na wateja, na uso wake ulionyesha mtu asiyetaka kesi. Alimsalimia Cuthbert kwanza. "Shikamoo, mzee. Kuna tatizo?"

Cuthbert aliinua fimbo na kuielekeza kulia kwake. "Mimi mzigo tu. Ongea na dereva."

Ethel hakutegemea hilo. Akamweleza Jafari yote: upepo, kona, themanini, mbele kuhamia nyuma. Jafari alikiri la upepo bila ubishi. Umeme ulikatika siku ile akiwa katikati ya kazi, akasahau kupunguza. Lakini la kutetemeka alilikataa. Alikuwa amepima balansi ya magurudumu yote. Ili kuthibitisha, aliyarudisha mawili ya nyuma kwenye mashine. Akaongeza kipande kidogo cha madini ya risasi kwenye ringi moja, mashine ikaonyesha sifuri. Wakafunga, wakajaribu. Likatikisika. Wakarudi. Akapima tena. Sifuri.

"Mama, mashine haidanganyi."

"Na mimi sidanganyi."

"Sijasema unadanganya."

"Mimi ndiye niliyekuwa ukingoni mwa mtaro, Jafari. Mashine yako haikuwepo."

Wateja wengine walikuwa wamegeuka kuwatazama. Jafari alijikuna kichwa. Alikuwa amechoka, na Ethel aliona kwamba hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu jambo hili limalizike, kama yeye.

"Mashine inapima uzito," Jafari alisema polepole, kama anayejikumbusha mwenyewe. "Haipimi umbo."

Aliinua nyuma ya gari kwa jeki, akaachia breki ya mkono na kuweka gia huru. Ethel alitoa kwenye pochi chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaegemeza mkono juu ya tofali na kuisogeza chaki mpaka ikakaribia mpira. Jafari akalizungusha gurudumu taratibu kwa mkono. La kwanza lilipata mstari mweupe sawasawa pande zote. La pili lilipozunguka, chaki iligusa, ikaacha, ikagusa, ikaacha. Upande mmoja wa tairi ulibaki mweusi kabisa.

Jafari alichutama, akalizungusha tena. "Haliko duara," alisema. "Hili lilikuwa chini kabisa stoo. Yale ya juu yamelikalia sijui tangu lini."

"Kwa hiyo si boljointi," Ethel alisema, bila kumtazama mtu yeyote.

"Boljointi ilikuwa na mchezo kidogo," alisema Cuthbert.

Jafari alitoa tairi jingine, akalizungusha mbele ya chaki kabla ya kulifunga, akalipima kwenye mashine, akajaza upepo na kuupunguza kwa tarakimu za kibandiko huku Ethel amesimama juu ya kichwa chake. Barabara ya Lupaso ikawajibu vizuri: themanini, tisini, kimya.

Jumamosi, siku ya harusi, walipanda Newala alfajiri. Mashangazi wa Pendo walijaa nyuma na vitenge vyao vya sare na sufuria lililofunikwa, na kabla gari halijaacha mji wakaanza kuimba. Ethel alishuka mlima ule kona baada ya kona, gari likitii, mikono yake imelegea kwenye usukani. Shangazi mkubwa, Bibi Winfrida, alisema kutoka nyuma kwamba hajawahi kushushwa Newala kwa raha namna ile. Ethel alimshukuru, kisha akasubiri upande wa kushoto nao useme.

Ulikuwa kimya. Alitupa jicho. Cuthbert alikuwa amelala, kidevu kifuani, fimbo imeteleza mapajani. Katika miaka yote aliyokaa kiti kile hakuwahi kulala barabarani, hata mara moja.

Ethel alimgusa na kiwiko.

"Tumefika?" aliuliza akiinua kichwa.

"Bado. Linaendaje?"

"Nini?"

"Gari, Baba Stella."

"Gari lina nini?"

Mbele yao barabara ilinyooka kuelekea Lulindi, nyeusi na tupu.

"Ila kona ile ya mwisho," Cuthbert alisema, akitengeneza koti, "uliingia kwa kasi kidogo."

"Ulikuwa umelala."

"Nilisikia."