Utulivu Tulioushukuru

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili nilikuwa nimestaafu ualimu, nikabaki mzee wa kanisa. Ushirika wetu wa akina mama ulizunguka nyumba za Matisi, hapa Kitale, kila Jumatano. Jirani yangu, mama kijana, alikuwa na binti mdogo aliyesema maneno machache tu, akazunguka chumba kutwa akipiga makofi, na kulia kwa nguvu akiguswa kichwani. Tulimweka katikati yetu. Tuliomba kama tunavyoomba, wote kwa pamoja na kwa sauti, mikono juu ya kichwa chake. Alipojirusha, nilimwambia mama yake amshike mikono.

Baada ya muda hakujirusha tena. Tukianza wimbo tu, alisimama tuli, macho wazi, mabega juu, mpaka tuseme amina. Tulifurahi sana. Nikamwambia mama yake ajiandae kutoa ushuhuda kanisani.

Wiki hiyohiyo nilialikwa Bungoma, kwenye semina ya walimu wa watoto wenye mahitaji maalum, kwa kuwa nilikuwa nikisaidia darasa la namna hiyo katika shule ya jirani. Tulikutana kwenye ukumbi kule Kanduyi. Mtaalamu wa tiba ya watoto wa namna hiyo, msichana wa kuweza kuwa mjukuu wangu, alianza kwa kueleza jinsi watafiti wanavyochunguza ubongo wa panya ili waelewe hofu. Sikupenda. Mtoto ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Panya anamaliza mahindi yangu. Mwalimu mmoja kutoka Myanga aliniinamia.

"Ati tuwafundishe watoto kama panya? Basi stoo yangu ni shule ya bweni, bana."

Nilikuwa bado nacheka msichana aliposema kwamba panya aliyezoea kuumizwa kila kengele inapolia, naye hana pa kukimbilia, huisikia kengele na asikimbie. Anaganda. Ukimwona utadhani ametulia, kumbe mwili mzima umekakamaa kwa hofu, na ubongo ulio katika hofu hiyo haujifunzi vizuri. Akatuomba tusiharakishe kusifu ukimya wa watoto wetu. Tutazame mabega kwanza.

Kicheko kiliniisha. Nilikuwa nimeyaona mabega hayo Jumatano hadi Jumatano, na nikamshukuru Mungu kwa ajili ya hayo.

Mwalimu mwingine aliuliza la kufanya. Msichana alijibu kwamba tushushe sauti, tuketi kando, tusimshike, mlango ukae wazi, mtoto aje mwenyewe na aondoke mwenyewe.

Niliporudi Matisi nilimkuta mama wa yule binti akichagua maharagwe, gauni la ushuhuda limeshapigwa pasi. Nilimweleza yote, hata habari za panya, ingawa niliona haya kuzitaja. Alitoa kokoto moja, akaitupa nje.

"Kwa hivyo hizo siku zote alikuwa anaogopa, mwalimu?"

"Alikuwa anaogopa."

"Na mimi ndiye nilikuwa namshika."

"Mimi ndiye nilikwambia umshike."

Hakunilaumu. Alinipa chai. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenifukuza.

Ushuhuda haukutolewa. Jumatano iliyofuata niliwaambia akina mama niliyojifunza, na mmoja akauliza kama siku hizi imani yetu inapimwa na panya. Nilisema tu kwamba Mungu anasikia hata tukinong'ona, na kwamba mtoto huyu tutamwombea tukiwa nyumba nyingine. Walikubali shingo upande.

Ilichukua miezi. Kisha jioni moja mama yake alinisimamisha njiani, amechoka, nywele zimetimka, anacheka. Binti amemwaga uji, amekataa kitana, amezunguka nyumba akipiga makofi mpaka majirani wakalalamika. Na amemwita mama.

"Ameanza kusumbua tena, mwalimu. Mungu ni mwema."

Nikasema amina, na nilimaanisha. Nikamfuata hadi kwake nikamsalimie mtoto. Nilisikia makofi yake kabla sijafika. Nilipobisha hodi tu, makofi yakakoma. Kupitia mlangoni nilimwona amesimama katikati ya chumba, mabega juu.

Nilirudi nyuma hadi barabarani. Tangu siku hiyo, nikiwa na neno na mama yake, namtuma mtu amwite, tunaongea nje, mimi nikishusha sauti.