Nilikwenda kwenye kikao cha leseni ya kinu cha nyuklia kuuliza gari la wazee, nikaandikwa muungaji mkono

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za weekend.

Naandika nikiwa nimechoka, kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Toronto na sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe daktari kanikataza.

Wale wa "bila picha hatuamini", picha sina. Siku ile sikuwa na hali ya kupiga picha.

Kidogo kuhusu mimi. Kabla ya kuja huku nilikuwa mtumishi wa halmashauri moja mkoani Morogoro, miaka minane. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye vikao vya baraza la madiwani na kuandika muhtasari. Hotuba nilizosikia mimi, wengine hamtazisikia mpaka mnazeeka.

Huku natunza wazee. Ndiyo, kubadilisha shuka, kuogesha, kulisha, na sioni aibu, maana mshahara unaingia na watoto wanasoma. Nakaa Crescent Town na mke wangu na watoto wawili, Neema wa miaka tisa na Baraka wa mitano.

Kazini ni mbali, upande wa mashariki kando ya ziwa. Ni nyumba ya wazee ya ghorofa tatu, na ukisimama dirisha la jikoni unakiona kinu cha nyuklia kile pale, makuba yamejipanga. Wazee wako ishirini na wawili. Jumamosi na Jumapili mchana tunabaki wahudumu wawili, mimi na Njeri, dada wa Kikenya kutoka Nakuru.

Niseme mapema: mimi sina ugomvi na nyuklia. Nimekulia sehemu ambako taa ikizimika unachungulia nje kuona kama na kwa jirani imezimika, ukiona na kwake giza roho inatulia. Kinu kinachowasha mji mzima, mimi ni nani nikikatae?

Shida ilianza siku walipojaribu ving'ora vya tahadhari vya kinu.

Huwa wanajaribu, na tangazo linatolewa kabla. Tuliwaambia wazee wote asubuhi kwamba ni majaribio. Lakini king'ora ni king'ora, wakuu. Kilipolia, nusu ya wazee wangu waliacha kula.

Kuna bibi mmoja pale, jina lake Eleanor, miaka tisini na moja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yuko kwenye kiti cha magurudumu na mtungi wa oksijeni pembeni, lakini akili yake ni nzima kuliko yangu. Alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Siku kikilia kweli, utabaki na sisi au utaenda kwa watoto wako?"

Nikamjibu nitabaki. Nilijibu haraka, kama unavyomjibu mgonjwa anayeuliza kama sindano inauma.

Ile jioni kwenye treni nikaanza kujiuliza nimeahidi nini. Neema na Baraka watakuwa Crescent Town, mimi niko huku na wazee ishirini na wawili, kumi na nne kati yao hawawezi kusimama. Kama kuna gari linakuja kuwachukua, sawa, tunawapakia halafu nakimbilia kwangu. Kama hakuna gari, basi siku hiyo nitachagua. Na nimeshachagua mdomoni bila kufikiri.

Wikiendi iliyofuata nikafungua faili la dharura lililoko ofisini. Mpango wa kuhamisha wazee upo, umeandikwa vizuri, una hata ramani. Umetaja kampuni ya mabasi yenye lifti ya viti vya magurudumu. Nikapiga ile namba. Haipatikani. Njeri akatafuta mtandaoni, kampuni ilishafungwa.

Nikamwambia meneja wetu Jumatatu. Akasema asante kwa kuliona, linashughulikiwa. Nyie mliofanya kazi ofisini mnajua "linashughulikiwa" maana yake nini.

Sasa ndiyo ikaja barua. Ilikuwa kwenye sanduku la posta la pale kazini, pamoja na kipeperushi cha vidonge vya iodini, vya kukinga mionzi, wanavyogawiwa watu wanaokaa karibu na kinu. Leseni ya kinu inakaribia kuisha, wenye kinu wanaomba iongezwe miaka kumi, na Tume inayosimamia mambo hayo inakaribisha maoni ya wananchi. Unaweza kuandika, unaweza kwenda kuzungumza mwenyewe kikaoni.

Nikasema hapa ndipo penyewe. Mikutano ndiyo fani yangu.

Kosa la kwanza: fomu ilitaka muhtasari wa utakayosema. Mimi nikaandika sentensi moja tu, kwamba nitazungumzia wazee. Nilitaka mzigo wenyewe nikaushushe ukumbini, mbele ya watu.

Nikaandaa hotuba. Mke wangu akanipima kwa saa ya simu. Tulipewa dakika kumi kila mtu, na salamu zangu peke yake zilichukua nne.

Akaniambia, "Baba Neema, anza na gari."

Nikamwambia huwezi kuingia kwa watu unaanza na gari. Hata hodi hujapiga.

Siku ikafika. Nikavaa suti ya harusi, ambayo sasa inafunga kifungo kimoja. Njeri alikuwa off, akanisindikiza. Ukumbi mkubwa, wajumbe wa Tume wamekaa mbele, mwenyekiti ni mama mtu mzima, mpole sana. Wasemaji walikuwa wengi. Kuna waliosema kinu kifungwe kesho, kuna waliosema kinu kimewasomeshea watoto. Mzee mmoja mvuvi alizungumzia samaki mpaka nikasinzia.

Kufika saa tisa tukawa tuko nyuma ya ratiba. Mwenyekiti akaomba radhi, akasema waliobaki tutapata dakika tano tano. Kuna taa ndogo mezani: kijani unaendelea, njano unamalizia, nyekundu basi.

Njeri akaninong'oneza, "Kata hizo salamu, boss. Enda straight kwa basi."

Nikatikisa kichwa kukubali. Na nilikubali kweli, Mungu ananiona.

Lakini nilipokaa mbele ya kile kipaza sauti, miaka minane ya halmashauri ikanivaa. Mdomo ukaanza wenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti. Waheshimiwa wajumbe wa Tume. Wawakilishi wa kinu. Wazee wetu mliopo. Itifaki nikaizingatia yote, kwa Kiingereza, na Kiingereza hakina haraka ukiwa unakitafsiri kichwani. Nikashukuru kwa kupewa nafasi. Nikawapongeza wenye kinu kwa kazi nzuri. Nikawapa pole wasemaji walionitangulia kwa kusubiri.

Halafu nikasema lile neno.

Wakenya mtanisamehe, hili la kwetu inabidi nilieleze. Kwenye vikao vyetu, diwani akisimama, kitu cha kwanza anasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla kengele haijanigongea, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Akishasema hivyo ndipo anaivunjavunja ile hoja vipande vipande. Barabara haipitiki, zahanati haina dawa, mkandarasi ametoroka. Ni adabu tu. Kuunga mkono ni kuonyesha kwamba hukuja kwa shari. Kila mtu ukumbini anajua kusubiri "hata hivyo".

Na mimi nikasema hivyo hivyo. Kwamba naunga mkono ombi la kuongezewa leseni kwa asilimia mia moja.

Nikasema, "Hata hivyo, Mheshimiwa Mwenyekiti..."

Nyekundu.

Yule mama akanitazama kwa upole. Akasema, "Asante sana, bwana. Tumepokea uungaji mkono wako." Akawauliza wajumbe kama wana swali. Hawakuwa nalo. Wangeuliza nini? Mtu kasema anakubali asilimia mia.

Ningeweza kusema samahani, nipe nusu dakika. Mvuvi alipewa. Ningeweza kusema gari, neno moja tu. Nilichofanya ni kushukuru tena, nikainama kidogo, nikarudi kwenye kiti.

Tukatoka nje na Njeri. Akaniuliza, "Sasa hiyo support ilitoka wapi? Si ulituambia wewe ndio mtu wa mikutano?"

Nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilipitiliza kituo changu, nikarudi kwa miguu. Niliona aibu, na hasira juu yangu mwenyewe, na zote mbili bado ninazo.

Miezi ikapita. Uamuzi ukatoka, leseni imeongezwa. Sikushangaa wala sikukasirika kwa hilo. Waliweka waraka mrefu mtandaoni, na mwishoni kuna jedwali la kila aliyezungumza na alichosema. Wa samaki kaandikiwa mistari saba. Nikashuka, nikashuka, nikakuta jina langu. Mbele yake maneno mawili: anaunga mkono.

Meneja wetu aliliona pia. Akanipongeza kwa kuiwakilisha vizuri nyumba yetu.

Msinifikirie nililala. Niliandika barua pepe kwa Tume nikaeleza kwamba ile ilikuwa adabu, kwamba swali langu ni la usafiri wa wazee. Wakanijibu kwa heshima kabisa. Kumbukumbu za kikao zimefungwa, masuala ya kuhamisha watu niwasiliane na manispaa, na ninakaribishwa kutoa maoni leseni itakapoombwa tena. Manispaa wakasema kila nyumba ya wazee ina wajibu wa mpango wake, nimuone mwajiri. Mwajiri, yaani meneja, akanionyesha lile faili. Faili lina ramani nzuri.

Kwa wanaojiandaa kuniuliza "kwa nini usiende kwa waandishi wa habari": mkuu, nina kazi, nina watoto, na vibali vyangu bado havijakaa sawa. Nitafika huko, ila si wiki hii.

Nilimweleza bibi Eleanor kila kitu. Nilianza na gari, nimejifunza. Nikamwambia tutaulizwa tena maoni baada ya miaka kumi.

Akapiga hesabu. "Nitakuwa na mia na moja," akasema. "Waandikie na jina langu, wanitengee dakika tano."

Akacheka mpaka ikabidi nimrekebishie mrija wa oksijeni. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikaenda chumba cha mashuka nikakaa juu ya kapu la nguo chafu, nikawapitia wote ishirini na wawili kichwani, kitanda kwa kitanda. Hakuna hata mmoja atakayefika kikao kijacho. Mwenye kuuliza kwa niaba yao nilikuwa mimi, nikashukuru.

Somo, kwa vijana mnaokuja huku: ukipewa dakika tano, shusha mzigo kwanza. Salamu watakusamehe. Na usiseme unaunga mkono kitu kwa sababu ya adabu, hawa wanakuandika ulivyosema. Sio ubaya wao. Ndivyo walivyolelewa, na sisi tumelelewa tulivyolelewa.

Lakini sijaleta uzi huu kwa ajili ya somo.

Jumapili iliyopita nilimwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo za watoto sebuleni. Nikamwambia kwamba king'ora kikilia kweli nikiwa zamu, nitabaki kule na wazee mpaka litokee gari, kama litatokea. Yeye awachukue watoto waondoke, wasinisubiri. Nikamwambia siwezi kumwacha Njeri na watu ishirini na wawili. Nilijaribu kujiona nikitoka mlangoni huku wananitazama, ikanishinda.

Alikunja shati la Baraka, akalikunjua, akalikunja tena. Nilidhani atanigombeza, na nilitamani anigombeze.

Akasema, "Mimi umeshaniambia. Watoto utawaambia mwenyewe."

Leo ni siku ya sita na sijawaambia. Baraka ni mdogo, atauliza kama nitakuwa na chakula, hilo nitaliweza. Ni Neema. Huyu ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno halafu anakujibu kwa Kiingereza. Najua atanisikiliza mpaka mwisho, ataniangalia, atasema "okay". Hiyo okay ndiyo naiogopa kuliko kinu.

Uzi uko wazi, wakuu. Wa kunicheka kwa ile asilimia mia nichekeni, nimestahili. Ila wenye watoto, mliowahi kumwambia mtoto jambo la namna hii, nisaidieni. Neno la kwanza lilikuwa lipi?