Fundi Nkandu na Meza Iliyowapendelea Wenyeji

Saa moja na nusu asubuhi, Ijumaa. Baa haijafunguliwa bado, lakini miguu miwili yenye soksi za sufu imechungulia kutoka chini ya meza ya pool. Viatu vimewekwa pembeni, vimeelekezwa ukutani, kama vya mtu aliyeingia kusali.

"Nipe kile kibati chembamba," sauti inasema kutoka chini. "Si hicho. Chembamba zaidi. Haya, hicho hicho. Asante, baba."

Anayeshukuriwa ni mumewe, mchimbaji wa zamani mgodini ambaye sasa analima mboga. Mwenye sauti ni Nkandu Kapembwa, miaka hamsini na minane, fundi wa meza za pool mjini Luanshya, Zambia. Hapa mtaa wa Roan ni wachache wanaomwita Nkandu. Ni BanaKasuba, mama yake Kasuba, na mzee anayempa vibati ni BashiKasuba.

Anatoka, anajipangusa magoti, anaweka pimamaji juu ya kitambaa cha kijani. Anainama mpaka pua inakaribia kugusa. Tone la hewa ndani ya kioo linasogea, linasita, linasimama karibu na katikati.

"Bado," anasema, na kurudi chini.

Kesho saa nne mkaguzi wa chama cha pool cha jimbo anafika. Akiridhika na meza hii, mashindano ya kuchagua wachezaji wanne wa jimbo yatafanyika hapa hapa wiki inayofuata. Wanne hao wataingia kambini Lusaka kwa miezi mitatu, chakula na malazi bure, wafundishwe kuucheza mchezo huu kama kazi. Asiporidhika, mashindano yanahamia Chililabombwe, na wachezaji wengi wa Roan hawana nauli ya kufika huko, sembuse pa kulala.

Mtu angedhani mtaa mzima unamwombea fundi. Wapi! Nusu ya mtaa haitaki meza inyooke.

Sakafu ya baa hii hushuka kidogo kila masika. Wazee husema ni mashimo ya kale ya mgodi yanayojikunja chini kwa chini. Kwa miaka mingi meza imeinamia kona ya kushoto, karibu na dirisha. Mpira wowote unaokwenda polepole hujikuta umegeuka na kuelekea huko. Wenyeji wamelipa shimo la kona hiyo jina la Shangazi, kwa sababu hupokea kila ajaye bila kumuuliza katoka wapi.

Timu ya mtaa, Tubombeshe, imeyasoma mapito yote ya Shangazi. Nyumbani haijafungwa kwa misimu mitatu ya ligi. Ugenini imecheza mechi kumi na moja, na imefungwa zote kumi na moja.

Jumatano iliyotangulia, nahodha wa timu alibisha hodi kwa fundi. Jina lake Davies Fwanyanga, kinyozi, na wote humwita Kapiteni.

"BanaKasuba, naomba unisikilize kama mwanao."

"Una miaka arobaini na saba, Kapiteni. Nilikuzaa nikiwa darasa la tano?"

"Basi nisikilize kama mdogo wako. Ile meza isafishe, ibadilishe kitambaa, ipendeze. Lakini Shangazi umwache alipo. Mcheza kwao hutunzwa."

"Mkaguzi ataviringisha mpira juu yake."

"Na aviringishe! Wewe mnyooshee Ijumaa. Jumamosi akishapanda gari lake, unatoa kibati kimoja tu. Kimoja, mama, kama ukucha. Nani atajua?"

"Na wale watakaotoka Kitwe na Mufulira? Nao wana mama zao."

"Mtu hapikii majirani akawaacha wanawe na njaa."

"Wala hawapikii majirani sumu. Nenda nyumbani, Kapiteni. Wateja wako wanangoja na vichwa nusu."

Kapiteni aliondoka bila kuaga. Tangu hapo salamu za wanatimu kwa BanaKasuba zikawa fupi, na kwa watu wa Roan, salamu fupi ni tusi refu. Mmoja tu, dobi wa pale sokoni, aliendelea kumuuliza habari za mgongo wake kama kawaida. Fundi anamtaja hadi leo.

Jioni ile ile ya Jumatano hodi ikapigwa tena. Alikuwa Malama Chibuye, binti wa miaka ishirini na minne, anayepima unga kwenye kinu cha mahindi. Hakuna anayemjua Shangazi kumshinda Malama. Nkandu alijikaza, akingoja ombi lile lile.

"Ninyooshee, mama," Malama alisema. "Nimechoka kuwa bingwa wa chumba kimoja."

Katika ufundi wake, Nkandu hakuanza na meza. Alianza na cherehani. Alikuwa akishona sare za akina mama wa kanisa pale mwenye baa alipomletea kitambaa cha pool kilichochanwa na mlevi. Akakitia kiraka, akakipiga pasi, akajisifu. Siku ya pili mipira ilikuwa ikifika kwenye mshono inaruka kama panzi.

"Wateja walikuja kunionyesha," anacheka. "Hawakunitukana. Walinipigia mpira mmoja tu, wakanitazama."

Aliona haya kiasi kwamba alimtafuta mzee Sinkala, aliyewahi kutunza meza za klabu ya mgodi, amfundishe. Mzee hakuwa na simile. Alimfundisha kukivuta kitambaa kuanzia katikati kwenda pembeni, na kukipiga brashi upande mmoja tu, kwa sababu nywele za kitambaa zikilazwa vibaya mpira nao hupotea njia. Miezi minane, kila Jumamosi. Hakumtoza hata ngwee moja.

Kosa kubwa kuliko lile la kiraka lilikuja baadaye. Kama mafundi wengi wa mitaani, alikuwa akiinua miguu ya meza kwa karatasi ngumu za maboksi ya pombe, amezikunja mara nne. Ni za bure na zimejaa kila baa. Siku moja aliinyoosha meza ya baa moja ya mtaa wa Mikomfwa ikawa kama maji kwenye bakuli. Asubuhi ya mechi dada wa usafi akapiga deki. Karatasi zikanywa maji, zikavimba, na kufikia saa nane meza ilikuwa imeinua bega moja.

"Timu mbili ziligombana, kila moja ikidhani imechezewa," anasema. "Kumbe aliyewachezea ni mimi na ndoo ya maji."

Tangu siku hiyo anatumia vibati alivyokata kutoka makopo ya rangi. Kubadilisha kitambaa humpa kwacha mia tatu na hamsini, na mwezi mzuri una meza nne. Mwezi mbaya una moja, na wanakula mboga za mzee.

Uani kwake kuna meza isiyo na miguu yake ya asili. Bamba lake la jiwe alilipata kwenye baa iliyoungua, akaliweka juu ya nguzo za matofali, akalinyoosha. Juu yake hakuna paa, ila turubai tu. Hapo ndipo alipompeleka Malama.

"Siku ya kwanza alinitia huruma," anasimulia. "Kila mpira aliupiga kulia kidogo, akingoja ugeuke wenyewe. Haugeuki. Anautazama, anautazama, kama mtu aliyeitwa na rafiki asiyekuja. Nikamwambia, mwanangu, mkono wako unaliamini bonde. Ufundishe kuamini macho."

Malama alikuja kila alipotoka kinuni, unga ungali kwenye nyusi. BashiKasuba alimwekea nshima, ugali wa kwao, na dagaa chini ya sahani iliyofunikwa. Hakumwambia kuwa amemwekea. Alisema tu kuwa kimebaki.

Jumamosi ile, mkaguzi, Bi Ireen Mubita kutoka Ndola, alifika saa nne kamili. Baa ilijaa. Aliuviringisha mpira mweupe polepole kwa urefu, kisha kwa upana, kisha akarudia kutoka upande wa pili. Mpira ulikwenda na kurudi kwenye mstari wake kama mtoto aliyetumwa dukani akakumbuka kila kitu. Kisha Bi Mubita akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alivua viatu, akaingia chini ya meza.

"Vibati," alisema alipotoka. "Si maboksi. Nani amefanya hii?"

Wanaume wa Tubombeshe wakatazama dari.

"Mke wangu," alisema BashiKasuba kutoka mlangoni.

Bi Mubita alimpa Nkandu mikono miwili. Alisema amekagua kumbi nane katika jimbo, na hii ni ya pili tu kupita.

Shida ya Nkandu haikuishia hapo. Alijua kilichobaki ni usiku saba, na kibati kimoja kama ukucha. Lakini hakulinda baa wala kumshtaki mtu. Alimfuata Kapiteni kwenye kibanda chake cha kunyolea, mbele ya mteja mwenye povu kidevuni.

"Kapiteni, ufunguo wa baa unao wewe siku za mazoezi. Mimi nimemaliza kazi yangu. Meza nakuachia."

"Unaniachia mimi?"

"Wewe si ndiye nahodha?"

Mteja akasema, "Ndevu, bwana."

Siku ya mashindano, Nkandu aliweka pimamaji mbele ya watu wote. Tone lilisimama katikati. Hakuna kibati kilichoguswa. Alimtafuta Kapiteni kwa macho, na Kapiteni akajifanya anapaka chaki fimbo ambayo tayari ilikuwa nyeupe.

Wachezaji thelathini na wawili walianza. Kapiteni alitoka raundi ya kwanza. Mpira wake wa mwisho ulitambaa kuelekea dirishani, ukapungua, ukasimama kidole kimoja kutoka shimoni.

"Shangazi kahama!" mtu alipaza sauti.

"Kahama na masufuria yake!" akajibu mwingine, na ukumbi mzima ukacheka, hata wageni.

Mmoja mmoja wenyeji walidondoka. Ilipofika robo fainali alibaki Malama peke yake. Alihitaji mechi moja tu ili awe miongoni mwa wanne. Mpinzani wake alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Mufulira, mtu mpole mwenye miwani. Walifungana mizunguko miwili kwa miwili. Katika mzunguko wa mwisho ncha ya fimbo ya Malama ikabanduka, ikaangukia sakafuni. Timu ya Tubombeshe ina fimbo mbili tu, na ile nyingine ilikuwa imepinda.

Mwalimu hakusubiri kuombwa. Alimnyooshea fimbo yake mwenyewe.

"Na wewe utapigia nini?" Malama aliuliza.

"Zamu yangu ikifika utanirudishia. Piga, dada."

Zamu yake haikufika. Uliobaki ulikuwa mpira mweusi, umeegemea ukingo wa upande wa dirisha, njia ndefu hadi shimo la mbali. Kwenye meza ya zamani hakuna aliyewahi kuupitisha mpira polepole mbele ya Shangazi ukasalimika. Nkandu hakuangalia. Alikaza macho kwenye miguu ya meza.

"Niliusikia tu," anasema. "Kwanza kimya. Halafu *tok*, shimoni."

Malama alishindwa nusu fainali, akamaliza wa nne. Wanne ndio waliotakiwa. Mwalimu wa Mufulira alikuwa wa kwanza kumpa mkono, na alipoondoka aliiacha fimbo. Alisema Malama hawezi kwenda kambini na iliyopinda.

Siku tatu baadaye Kapiteni alifika tena kwa fundi, jasho likimtoka, bati la kuezekea kichwani.

"La nini hilo?"

"Mvua ikianza, meza yako ya uani itakunywa maji."

"Na wewe unataka nini, Kapiteni?"

Aliliegemeza bati ukutani taratibu. "Nataka Alhamisi. Alhamisi sifungui kibanda mchana. Nifundishe kupiga mbele, mama. Miaka kumi nimekuwa napiga pembeni."

"Utavumilia? Mkono mzee haufundishiki haraka."

"Nimefungwa mbele ya vichwa vyote ninavyonyoa. Kuna nini tena cha kuvumilia?"

Tangu hapo mabati yamekuwa yakifika, moja kutoka kwa huyu, jingine limeachwa langoni bila jina. Yanahitajika kumi na mawili, na yamefika saba. Nkandu anataka paa liwe juu kabla ya Novemba, ili timu yoyote ya ligi, hata ya ugenini, ije ifanye mazoezi kwenye meza isiyopendelea mtu. Bi Mubita amemtumia orodha ya kumbi sita zilizoanguka kwenye ukaguzi, na Nkandu ataanza nazo Jumatatu. Wanawake wawili wa kikundi chake cha ushonaji watakwenda naye wajifunze kuvuta kitambaa. Amesema hatawatoza kitu.

Malama alipiga simu siku ya pili ya kambi. Nkandu aliuliza kwanza kama anakula, kisha kama analala, kisha habari za meza.

"Zimenyooka, mama. Ninapiga mpira unakwenda ninapouambia."

Fundi alitabasamu, akaendelea kukata kopo la rangi kwa mkasi.

"Sisemi watoto wa Roan washinde kila siku," alisema. "Nataka mtoto wetu akifungwa, ajue amefungwa na mtu, si na sakafu. Na akishinda Lusaka, au kokote watakakompeleka, ajue ni mkono wake."

Alipeleka kibati kwenye mwanga, akakipima unene kwa ukucha, akakiweka kwenye rundo la Jumatatu.