Kanda Tano za Kadzo

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja kama kawaida, Kadzo alimgombeza mumewe kwa sababu ya majani ya chai. Kahindi alikuwa ameyamwaga mtaroni.

"Baba Sidi, na pilipili zangu zile nini?"

"Zinywe maji, kama mimi."

"Wewe wanywa maji tangu lini?"

Wakacheka. Wakala mahamri kwa mbaazi. Kadzo akatoka uani na karai la maji aliyooshea vyombo, akayamimina penye migomba. Adhuhuri kifua kikambana. Kesho yake Kahindi alikuwa mjane.

Ua wenyewe uko Kibokoni, Mji wa Kale, nyuma ya nyumba waliyopanga chini. Ni mdogo. Mtu mrefu akilala chali, miguu yake yatokeza mlangoni. Hapo ndipo Kadzo alipopata shamba, na nusura alikose.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Kahindi ameshastaafu ukuli wa bandarini, na kazi yake kubwa ni kukaa kitini hapo uani. Kadzo akaenda mafunzo ya kina mama, Tononoka. Mwalimu wao alikuwa binti wa bara, Nanjala. Aliwafunza kupanda chakula nyumbani kwa kufuata maji yapitapo, jua lipigapo, na miguu ya mwenye nyumba izoeapo kwenda. Kadzo akarudi, hata leso hajaivua, akasema:

"Baba Sidi, ua wetu wataka kanda tano."

Kahindi hakuuliza. Mwanamume wa Mombasa akiambiwa kanda, ajua ni za kaseti. Akaenda hadi Makupa, akawazungukia marafiki, akarudi na kanda tano za taarabu. Akaitoa redio hadi uani, akaielekeza kwenye mchicha wa Kadzo, akafungulia.

Kadzo akatoka jikoni. "Wamwimbia nani?"

"Mchicha. Si ndivyo ulivyofunzwa?"

Kadzo akakaa chini palepale, akacheka mpaka akashika mbavu. Abdulghafur, mwenye nyumba, aliyekaa ghorofani, akachungulia dirishani.

"Bi Kadzo, kuna harusi nasi hatukualikwa?"

"Ipo, shekhe! Bwana Kahindi amuoa mchicha!"

Kumbe kanda za Nanjala ni vipande vya ardhi. Unachokishika kila siku hukaa karibu na mlango: mchicha, kitunguu, pilipili. Kinachofuata ni kuku, halafu mpapai, halafu migomba. Ya tano ndiyo ya mwisho kabisa, huigusi. Waiacha iote itakavyo.

"Ua huu?" Kahindi akasema. "Mimi nikipiga chafya nimezipita zote tano."

"Basi piga polepole."

"Na kiti changu?"

Kadzo akakitazama kiti, akamtazama mwenyewe. "Kiti hakifanyi kazi. Chaenda kanda ya tano."

Kikaenda, pamoja na aliyekuwa akikikalia. Akawa akikaa huko kwenye magugu, chai aipokea kwa kunyoosha mkono.

Kanda moja ikatafunwa na redio. Kadzo akauvuta utepe wote nje, akaufunga juu ya miche kutoka ukuta hadi ukuta. Upepo ulipoupiga ukavuma, na kunguru waliokuwa waking'oa miche yake wakaruka mbio.

"Sasa hii ndiyo taarabu," akasema.

Balaa ikawa maji. Bomba la bafu la ghorofani lilimwagia uani, na mvua ya paa ikaanguka hapohapo. Abdulghafur akaingiwa na hofu ya mbu na ya msingi wa nyumba yake. Akashuka, akasema kwa upole:

"Bi Kadzo, mimi sina ugomvi na mboga. Lakini mvua kubwa ya kwanza, maji yakituama humu, naupiga saruji ua mzima."

Nyumba ni yake. Siku ile Kadzo alipika wali bila chumvi, akala, wala hakujua.

Akamwambia mumewe achimbe shimo kati ya migomba. Kahindi akachukua mtaimbo. Alipofika kwenye mwamba akasema, "Basi." Kadzo akasema, "Bado." Wakalijaza makumbi ya nazi, makuti makuukuu na maganda ya ndizi, wakachimba kijifereji kutoka kwenye bomba mpaka shimoni.

Dirishani juu, Abdulghafur akauliza, "Hilo kaburi la nani?"

"La maji yako, shekhe."

Mvua ikaja na alfajiri. Mvua ya kweli, ya kumwaga kwa ndoo. Kadzo akasimama mlangoni, mikono kifuani. Kijifereji kikajaa. Shimo likajaa. Maji yakafurika, yakaugusa mchicha. Kahindi akampa kikombe cha chai. Hakukipokea.

Mvua ikakatika. Wakangoja. Kisha mapovu yakatoka kwenye makumbi, blu, blu, kama mtoto anywaye uji. Shimo lilikuwa lanywa. Mchicha ukainua vichwa. Udongo ukaonekana, umelowa tu.

Wakasikia watu uchochoroni. Ni Abdulghafur na fundi wake, Baya, mwenye karai na mwiko. Uchochoro ule Abdulghafur alikuwa ameusakifu kwa saruji mwenyewe mwaka uliotangulia, ukang'aa kama sahani, na sasa maji hayakuwa na pa kwenda. Yaliwafika kwenye vigimbi vya miguu. Shekhe aliingia uani ameishika kanzu magotini kwa mkono mmoja, viatu kwa mkono wa pili.

Akatazama chini. Akatazama shimo. Baya naye akatazama, akaligeuza karai akalikalia.

Abdulghafur amesimama vilevile, kanzu juu, vigimbi nje, haoni maji aliyoyajia.

Kadzo akamwambia:

"Karibu, shekhe. Kanzu waweza kuishusha sasa, hapa ni pakavu."