Jina la Nestori limetoka wapi kwenye kompyuta yangu?

Jamani, mpaka saa nne asubuhi ya leo nilikuwa na uhakika kuna mtu ananiibia kazi.

Mimi na mwenzangu Nestori wa Mwandiga tunatengeneza programu ya wauza dagaa wa Kibirizi.
Siku hizi ni mbalamwezi, wavuvi hawaingii ziwani, kwa hiyo wauzaji wana nafasi, na leo ndiyo siku tuliyopanga kuwaonyesha.

Sasa sikia.

Kila nikianzisha faili jipya, kidirisha kinajaza chenyewe jina la mwandishi: Nestori.
Nafuta. Naingia kwenye mipangilio, naweka jina langu, nahifadhi.
Naanzisha jingine.
Nestori!

Kwenye kompyuta yangu, hapa hapa Ujiji, sebuleni kwa mama yangu!

Nikakumbuka juzi umeme ulikatika huku Ujiji, tukabadilishana kompyuta kutwa nzima: mimi yake yenye chaji, yeye yangu akaichaji kwao. Nikasema ahaa, hapo ndipo aliponiweza.

Leo kafika, hata chai sikumkaribisha.
"Nestori, umefanya nini kwenye kompyuta yangu?"
Akafungua ya kwake, akanigeuzia skrini, akaanzisha faili jipya mbele ya macho yangu.

Likatokea jina langu.

"Hata mimi nilikuja kukuuliza hilo hilo, dada."

Kumbe programu tunayoandikia ndiyo mbovu. Imeng'ang'ania majina tuliyoandika siku ile ya kubadilishana, ubadilishe usibadilishe.
Tukacheka mpaka mama akachungulia. Chai ikaja.

Alipotoka kupokea simu, nikagusa kompyuta yake. Inadai nywila. Juzi haikuwa nayo.

Sijamuuliza kitu. Hata ya kwangu niliiwekea nywila jana.

Hebu semeni, hapa nani hamwamini mwenzake?