Jina Lililotolewa Jikoni

Mwanangu wa kwanza alizaliwa wakati wa masika, siku ambayo ukungu wa mlimani ulishuka mpaka ndani ya migomba, tukawa hatuoni hata banda la mbuzi. Njia ya kuteremka Kwa Sadala, penye magari, ilikuwa tope tupu. Mume wangu alitoka asubuhi kutafuta gari la kunipeleka hospitali. Mtoto hakumngoja.

Nilijifungulia jikoni, kando ya moto, mikononi mwa mama mkwe. Siku ile naikumbuka kama ndoto, vipande vipande, na sauti zote zinatoka mbali. Nakumbuka moshi ukipanda polepole kwenye majani ya paa, na ng'ombe wa kufugwa ndani, nyuma yangu, akitafuna bila haraka. Nakumbuka nikimwita baba yangu kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Lakini baba alikuwa Kibosho, ng'ambo ya mto Weruweru, na hakuwa amesema nami tangu niolewe. Alikuwa Mkatoliki ambaye rozari haikumtoka mfukoni hata akienda kukata majani ya ng'ombe. Nilipomwambia naolewa na Mlutheri wa Machame alisema tu, "Haya," akaingia ndani.

Mtoto alitoka kimya. Alikuwa mlegevu, rangi yake kama ya wingu zito. Mama mkwe akampangusa, akampuliza usoni, akampigapiga mgongoni. Kimya. Ndipo nikamwona akichota maji ya mfereji kwenye mtungi, maji baridi ya kutoka juu, na nikasikia sauti yake ikibadilika, ikawa ile anayoitikia nayo liturujia Jumapili. Akataja jina la baba yangu. Akamimina mara tatu kichwani mwa mtoto, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia.

Kanisa letu hufundisha kwamba mtoto akiwa hatarini na mchungaji yuko mbali, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, kwa sababu neema haitazami mkono wa anayemimina maji. Mama mkwe alifundishwa hayo kwenye kipaimara, akiwa msichana, na hakuwahi kuyatumia.

Jioni baba mkwe alirudi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti hata wakati wa jua, na alikuwa amengoja mjukuu kwa muda mrefu. Kwa mila zetu mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba. Aliposikia habari za ubatizo alisimama mlangoni huku mvua ikimdondoka.

"Umempa jina la nani?"

Mama mkwe akamwambia.

"La Mkibosho?"

"La mkwe wako."

"Na mimi?"

"Huyu binti alikuwa akimwita baba yake," mama mkwe akasema. "Nikadhani mtoto anatuacha. Nikaona aende na jina ambalo masikio yake yameshalisikia."

Baba mkwe akageuka, akatoka tena mvuani. Kesho yake alikwenda kumwomba mchungaji ambatize mtoto upya, kanisani, kwa jina la haki. Mchungaji akaja mwenyewe na viatu vyake vya mvua, akaketi kwenye kigoda.

"Mzee wangu, ubatizo ni mmoja."

"Lakini ilikuwa jikoni!"

"Maji yalikuwepo?"

"Yalikuwepo," mama mkwe alijibu kutoka kwenye kona.

"Na Neno?"

"Lilikuwepo."

"Basi Mungu ameshamwita," mchungaji akasema. "Mimi siwezi kumwambia amekosea jina."

Miezi yote ya uzazi wangu, nikilishwa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, na kulala mchana kutwa, nilimsikia baba mkwe akipita nje. "Mgeni ameamka?" aliuliza. Hakumwita kwa jina.

Nilipotoka uzazini tukampeleka mtoto kanisani. Hata siku hiyo mkono wangu ulitaka kuinuka wenyewe kwenda kwenye paji la uso, kufanya ishara ya msalaba kama nilivyolelewa, nikaushusha kana kwamba narekebisha kitambaa. Wanawake walikaa upande mmoja na wanaume upande wa pili, na waliposimama kuimba sauti nzito zilipanda kutoka upande ule zikakutana na zetu juu, kwenye mwanga wa madirisha. Mchungaji, katika kanzu yake nyeusi, akamwuliza mama mkwe mbele ya wote: nani alibatiza, kwa nini, na kwa jina la nani. Akajibu yote, moja moja. Mchungaji akaweka mkono kichwani mwa mtoto, akamwombea. Maji hayakuguswa. Baba mkwe alikuwa amekaa na wazee wenzake, anatazama viatu vyake.

Ibada ilipokwisha hakungoja mnada wa ndizi na mayai ya sadaka. Alimwambia mume wangu, "Twende," na wakashuka kwa miguu mpaka Weruweru, wakavuka, wakapanda Kibosho. Mume wangu ndiye aliyenisimulia.

"Mkwe," baba mkwe alisema akiwa bado nje, "jina lako liko kwangu. Nimekuja mwenyewe, usije ukalisikia njiani."

Baba yangu akamtazama. "Kabatizwa wapi?"

"Jikoni."

"Na nani?"

"Na mke wangu."

Baba akaingiza mkono mfukoni, kwenye rozari. "Kwa maji? Kwa Utatu Mtakatifu?"

"Ndiyo."

"Basi kabatizwa. Hata padri wetu atasema hivyo." Akasogea, akampisha mlangoni.

Walikunywa kahawa, wakazungumza ugonjwa wa mibuni mpaka jua likainama. Mambo ya kanisa hawakuyagusa tena.

Wiki iliyofuata baba yangu alikuja kwetu, mara ya kwanza. "Shikamoo, baba," nikasema. Aliitikia, akainama juu ya mkeka alipolala mtoto, akaita jina lake mwenyewe polepole, kama anayejaribu kama mlango uko wazi. Mtoto akageuza kichwa. Baba akacheka peke yake, kisha akaniuliza kama mtori umebaki.